Bakuli Lililofika Tupu

Ukiwahi kunywa chai kwangu ukakuta kipande cha maranda kinaelea juu yake, usinilaumu mimi. Mlaumu Zéphirin. Ukuta unaotenganisha mkahawa wangu na karakana yake ni wa mbao, na mbao zenyewe zimeachana, kiasi kwamba akiwasha mashine yake tu vumbi la mti linaingia kwangu na kukaa mezani kama mteja, tena mteja asiyelipa. Tangu tuwe majirani hapa Mapendo, mtaa wa Goma, nimegombana naye juu ya ukuta huo. Kila mara ananijibu, "Pole sana, Mama Fatouma, nitaiziba," na kila mara anarudi kuziba mabakuli ya watu wengine.

Kazi yake ni kukereza mabakuli. Mashine aliiunda mwenyewe kwa mota ya kinu cha muhogo kilichokufa. Anafunga kipande cha mti, mashine inakizungusha kwa kasi, naye anakichonga kwa patasi ndefu mpaka bakuli linatokea. Mpaka hapo ni kazi kama kazi nyingine. Ajabu yake ni kwamba hataki mti mzima. Mti ukiwa safi, hauna jicho wala ufa, anautazama kama mimi ninavyotazama chai isiyo na sukari. Yeye anataka mti wa libuyu uliopasuka, mti wa avoka ulioliwa na wadudu, mvule, sisi tunauita muvula, uliochanika mikononi mwa wapasuaji. Maseremala wote wa mjini wanamwekea vipande vyao vibaya, vile ambavyo mtu mwingine angevitia jikoni akapikia maharagwe.

Bakuli likishatoka, anazishona zile nyufa. Ndiyo, anazishona, kama fundi wa nguo. Anatoboa matundu madogo pande mbili za ufa, anapitisha waya wa shaba aliouchomoa katika mota zilizoungua, anaukaza kwa koleo, kisha anaujaza ufa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa mawe meusi ya volkano. Ikikauka, unabaki mstari mweusi wenye mishono ya shaba inayong'aa. Ni kitu kizuri kutazama. Sijawahi kumwambia hivyo, asije akavimba kichwa.

Hakuanza na nyufa. Mwaka ule volkano ilipoteremsha moto wake mpaka Buhene, tulikimbia, kisha tukarudi, tukakuta mto wa mawe meusi umelala kando ya mji. Mawe yale yalikaa na joto muda mrefu. Mvua ikinyesha yalitoa mvuke, na watu wenye akili zao walipita mbali. Zéphirin yeye aliona tanuri la bure. Bakuli bichi hukaushwa polepole, ndani ya gunia la maranda, miezi na miezi. Akajiuliza, kwa nini nisubiri na Mungu ameniwashia jiko? Akabeba mabakuli yake yote, wakati ule ya mti mzuri, akayapanga juu ya mawe yale kama mikate. Jioni aliyakuta yote yamepasuka, mengine kutoka mdomo mpaka kitako. Alicheka pale mpaka wapita njia wakadhani amepata wazimu. Halafu, anasema mwenyewe, alilia kidogo. Halafu akaenda kutafuta waya.

Yale mabakuli yaliyoshonwa yalinunuliwa upesi kuliko yoyote aliyowahi kutengeneza, na tangu hapo hakurudi kwenye mti mzima. Mchungaji mmoja alikuja kununua, akaanza kumhubiria papo hapo kwamba nyufa hizi ni mioyo yetu sisi wanadamu. Zéphirin alimsikiliza kwa heshima mpaka mwisho, akasema, "Hapana, pasta. Ni muti tu ilikauka mubaya." Akamfungia bakuli lake.

Ila kiburi anacho, na kiburi chake chote kiko mahali pamoja. Juu ya mlango ameandika kwa rangi nyekundu: BAKULI ZA ZÉPHIRIN, HAZIVUYI. Yaani hazivuji hata tone. Kabla ya kumpa mtu bakuli, analijaza maji, analiweka juu ya gazeti kuanzia asubuhi, na jioni mteja mwenyewe anatia mkono chini na kuligusa gazeti. Likiwa na unyevu, bakuli haliuzwi. Unaweza kumtukana Zéphirin juu ya vumbi, juu ya nywele zake, juu ya suruali yake yenye viraka, atacheka. Mwambie kwamba bakuli lake linavuja, uone.

Sasa, Clotilde. Ni mjane, mtu wa vilima vya Masisi, wa familia ya wafugaji. Siku hizi anakaa Kibati kwa kaka yake Damascène, na kila wiki anashuka mjini na maharagwe na viazi. Siku ya kwanza aliingia kwangu kunywa chai, Zéphirin akawasha mashine, maranda yakaanguka ndani ya kikombe cha mama wa watu. Clotilde aliinuka, akazunguka ukuta, na nikasikia sauti yake ikipanda juu ya sauti ya mashine mpaka mashine ikazimwa. Nikampenda papo hapo. Nilingoja arudi tucheke pamoja. Hakurudi. Nilipochungulia kwenye upenyo wa mbao, nilimkuta amekaa juu ya gogo, anashika bakuli moja baada ya jingine, na Zéphirin anamweleza habari ya mawe ya Buhene kana kwamba hakuna mtu mwingine Goma aliyeiona volkano. Chai yake ilipoa mezani.

Zéphirin alimwahidi bakuli lake mwenyewe, kama pole ya ile chai. Alilitengeneza kwa mti wa avoka wenye ufa mrefu uliopinda, na nilimwona kwa upenyo wangu akilipapasa wiki nzima. Aliposhona ufa ule, nikaona hachukui kopo la gundi. Anayeyusha nta ya nyuki.

"Na kole yako imeisha?" nikamwuliza kupitia ukutani.

"Kole iko na harufu," akasema. "Huyu mama atakuliaka ndani."

Nikatabasamu peke yangu, nikarudi kwenye birika zangu. Akalijaza maji kama kawaida, akaliweka juu ya gazeti, na gazeti likabaki kavu.

Unajua jinsi tulivyo hapa. Uwe Mwislamu wa Maniema kama mimi, uwe wa Lubero kama Zéphirin, uwe wa Masisi, chombo cha mwenzako hukirudishi kitupu. Mtu akikuletea mboga katika sahani, sahani inarudi na kitu, hata kama ni nyanya mbili. Ilipopita wiki moja, Clotilde alilirudisha bakuli limejaa maharagwe. Kwa nini alirudishe, na alikuwa amepewa moja kwa moja? Swali hilo hata mimi nilijiuliza, ila halikunisumbua sana. Zéphirin naye hangeweza kukaa na bakuli la watu. Akalijaza sambaza kavu, vile visamaki vya ziwani, akampa Akonkwa, kijana mmoja mwenye pikipiki ya abiria anayefanya barabara ya Kibati na kunywa chai kwangu kila asubuhi. Likarudi na viazi. Likaenda na sukari. Likarudi na mayai. Likaenda na sabuni, na hapo nilimfokea, kwa sababu mwanamke hatumiwi sabuni akakosa kujiuliza unamwonaje. Bakuli lile lilipanda na kushuka barabara ile mpaka Akonkwa akasema pikipiki yake sasa inajua njia yenyewe.

Nikachoka kungoja. Nikamwambia, "Zéphirin, utaoa bakuli ao utaoa mutu?"

Akaongea na Clotilde siku ya soko, mezani kwangu. Mimi nilikuwa naosha vikombe polepole sana, na vingine nilivirudia.

"Mama Clotilde," akasema, "mi niko peke. Batoto banashaolewa, kila mumoja iko kwake. Napenda tuikale wote, kama utakubali."

Clotilde alitazama mikono yake. "Papa Zéphirin, sikatae. Lakini niko na kaka, lazima niongee naye kwanza. Kwetu, mwanamuke akikubali, jibu inakuyaka na maziwa. Nikitia maziwa mu bakuli yetu, njo ndiyo. Ukuye samedi na batu yako, tutakuwa tunakungojea. Bakuli ikikuya tupu, usikuye. Tusipatishane haya mbele ya batu."

"Na kama samedi ikipita?"

"Kaka anarudisha ngombe kule mbali, Kalengera. Samedi ikipita bila kitu, mi nitamufwata. Nitabaki hapa nafanya nini?"

Alisema "bakuli yetu". Nilisikia vizuri, na Zéphirin alisikia, maana alianza kucheka bila sababu na hakuacha mpaka jioni.

Siku ya alhamisi, siku mbili kabla ya hiyo samedi, yaani jumamosi, Akonkwa alisimama mbele ya karakana. Hakuzima pikipiki, hakuomba chai, jambo ambalo halijawahi kutokea. Alimpa Zéphirin bakuli, akasema, "Muzee, ni Mama Clotilde anatuma," akaondoka mbio.

Bakuli lilikuwa safi. Lilikuwa kavu. Ndani hamkuwa na kitu.

Zéphirin aliligeuza chini juu, kana kwamba kitu kingeweza kuwa kimejificha kitakoni. Kisha aliliweka mezani kwangu taratibu sana. Moyo uliniuma. Nimezika wazazi, nimekimbia volkano, lakini uso wa mtu mzima anayejaribu kutolia mbele ya birika za chai siuwezi.

Nikasema la kwanza lililonijia. "Pengine maziwa ilimwangika mu njia. Pengine inavuya."

Akainua kichwa. "Nini?"

"Bakuli. Pengine inavuya."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue alinitazama kwa hasira. Alilichukua bakuli, akalijaza maji ya mtungi mpaka mdomo, akatafuta gazeti, akalitandika mezani kwangu katikati ya wateja, akaliweka juu yake. Akakaa mbele yake na kukunja mikono. Tulingoja mpaka jua likaegemea upande wa ziwa. Akaniambia nitie mkono. Nikatia. Gazeti lilikuwa kavu kama unga.

"Unaona?" akasema, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Haivuyi."

"Umeshinda nini sasa?" nikamfokea. "Mujinga wewe! Sema tu inavuya, halafu uende Kibati ukaulize!"

"Mama Fatouma, alisema ikikuya tupu nisikuye. Bakuli iko muzima. Basi alitia kitu ya kutia: hakuna."

Sijawahi kuona binadamu akifanya kazi kwa bidii namna ile kuthibitisha kwamba amekataliwa. Nilipigana naye mpaka nikakaukiwa. Angeweza kuwa na matumaini na bakuli bovu, au kuwa na bakuli zima na huzuni, na yeye alichagua bakuli. Kesho yake hakuwasha mashine. Chai yangu ilikuwa safi siku nzima, haina hata chembe ya maranda, na niliichukia.

Jumamosi asubuhi alikuja na lile bakuli. "Kamata, Mama Fatouma. Tia ndani chumvi, tia chenye unapenda. Mi siweze kuiangaria." Akarudi kwake na kufunga mlango. Nikaliweka kwenye rafu.

Siku hiyo mvua ilinyesha, na mvua ikinyesha madereva wote wa pikipiki wa Mapendo wanakuwa watoto wangu. Mkahawa ulijaa, vikombe vikaisha. Miongoni mwao nikamwona Akonkwa, ambaye tangu alhamisi alikuwa akipita mbele yangu bila hata kugeuza shingo. Sasa baridi ilikuwa imemleta. Alikaa pembeni, mgongo kwangu, na kuagiza chai ya maziwa kwa sauti ndogo. Sikuwa na kikombe. Nikashika kilichokuwa karibu, lile bakuli la kwenye rafu, nikamimina ndani chai iliyotoka motoni ikichemka, nikamwekea mbele yake.

Aliligeukia, akaliona, akaruka juu mpaka benchi likaanguka na waliokuwa wamelikalia.

"Mama, hapana! Hapana mu hiyo!"

"Juu ya nini?"

Hakuhitaji kujibu. Tone moja lilikuwa limeanguka juu ya suruali yake. Likafuata la pili. Kisha matone yakawa uzi, chai yangu ikatiririka mezani na kwenda sakafuni, na juu ya ile iliyobaki bakulini nikaona viduara vidogo vya njano vikielea. Nta.

Nilimshika Akonkwa kola. Sijivunii, lakini nilimshika vizuri.

"Sema."

Akasema yote, maskini. Clotilde alimpa bakuli limefunikwa na kufungwa ndani ya kitenge, lenye maziwa moto aliyoyachemsha ili yasiharibike njiani. Akamwambia akimbie. Akalifunga mgongoni, akakimbia. Alipofika Kanyaruchinya alihisi mgongo umelowa. Akadhani ni jasho. Alipofika Munigi akasimama kutazama, akakuta kitenge kimelowa maziwa na bakuli halina hata tone.

"Nikawaza, mama, hii ni maziwa ya ndoa. Nikifika na bakuli tupu nikasema imemwangika, nani ataniamini? Watasema Akonkwa alikunywa maziwa ya ndoa ya batu. Watanisema mpaka nife. Muzee mwenyewe anasema bakuli yake haivuyi, na anaiandika ku mulango! Njo nikaisafisha, nikaileta, nikanyamaza. Kitenge iko kwangu, inanuka, bibi yangu ameniuliza ni ya nani."

Niligonga ukuta kwa ngumi mbili mpaka vumbi likaanguka. Zéphirin akaja. Akonkwa akarudia habari yote. Nilimtazama Zéphirin, nikingoja apige kelele za furaha. Unajua alifanya nini? Aliinua bakuli, akapitisha kidole chini ya ufa, akakinusa.

"Nta," akasema. "Moto inayeyusha nta, ikipoa inaziba tena. Nilipima na maji ya baridi."

"Zéphirin," nikasema.

"Mi nilipima na maji ya baridi tu, mbele ya macho yako, Mama Fatouma, na..."

"ZÉPHIRIN! Maziwa ilikuwa ndani! Mwanamuke alikubali! Tangu jeudi! Na leo ni samedi!"

Hapo ndipo ilipomfikia. Alikaa juu ya gunia langu la sukari, akasimama, akakaa tena. "Wananingojea," akasema. Halafu akakimbia kuvaa koti.

Nilifunga mkahawa siku ya jumamosi, mvua ikinyesha, wateja wakiwa bado na vikombe mikononi. Muulize mume wangu kama nimewahi kufanya hivyo hata kwa Idi. Tulipanda pikipiki sote watatu: Akonkwa mbele, mimi katikati, nimevaa gauni langu la Idi, na mfuko wa sukari na majani ya chai, Zéphirin nyuma na bakuli kifuani, koti lake la sherehe limejaa maranda mabegani. Mchumba haendi kuomba mke bila msemaji, na ndugu zake wote wako Lubero. Basi msemaji nikawa mimi. Njia nzima niligeuza shingo kumfundisha la kusema.

"Usiseme habari ya bakuli. Wale ni batu wa ngombe. Ukiwaambia maziwa yao ilimwangika mu barabara, hawatafurahi hata kidogo. Tutasema pneu. Pneu ya pikipiki ilitoboka Munigi, mvua ikatupiga, tukachelewa. Umesikia?"

Alikuwa akilitazama bakuli kifuani mwake. Nikadhani upepo umeyachukua maneno yangu.

Kibati mvua ilikuwa imekatika. Katika kiwanja cha Damascène viti vilikuwa vimepangwa, lakini wageni walikuwa wamekwisha kula, na wazee wawili walikuwa wamesimama wakitafuta fimbo zao. Kando ya nyumba mizigo ya Kalengera ilikuwa imefungwa kamba. Clotilde alikuwa mlangoni, amevaa kitenge kipya, na hakututazama. Nilipomwona vile nilitamani Akonkwa arudi mikononi mwangu kidogo tu.

Damascène ni mtu mrefu, mwenye kofia na sauti ya kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Hakutupatia viti.

"Maziwa tulituma jeudi," akasema. "Leo tumeikala hapa tangu asubui, na bazee bangu, na jirani. Na nyinyi munakuya sasa? Hii ni zarau gani?"

Nikapiga hatua mbele, nikashusha pumzi. "Papa Damascène, salamu kwanza, na pole kwa kungojea. Tulitoka mapema sana, lakini pale Munigi, pneu ya..."

Akonkwa alikuwa akitikisa kichwa kwa nguvu zake zote kukubali.

"Hapana pneu," akasema Zéphirin. Alikuwa amenipita. Aliinua bakuli kwa mikono miwili ili watu wote walione. "Bakuli yangu inavuya."

Watu wale waliona fundi mwenye koti chafu anasema jambo dogo. Mimi nilimjua, na nilijua kwamba angekuwa radhi kung'olewa jino kuliko kulisema neno lile mbele ya watu.

"Ku mulango wangu nimeandika hazivuyi," akaendelea. "Hii inavuya. Nilitia nta, juu sikutaka Mama Clotilde akule kole. Maziwa yenu ilimwangika yote mu njia. Mi nikapata bakuli tupu, nikafikiri amenikatala. Huyu motard, Akonkwa, hana kosa. Kosa ni ya mikono yangu. Nakuomba unisamee, shemeki, kama bado ninaweza kukuita vile."

Damascène alilichukua bakuli. Alilielekeza kwenye mwanga, akafumba jicho moja. "Na ulibaki siku mbili bila kukuya kuuliza?"

"Alisema nisikuye."

Damascène akamgeukia dada yake, na sisi sote tukamgeukia. Clotilde alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Nilidhani analia. Mabega yalikuwa yanatikisika, na kumbe ni kicheko, na kikamshinda.

"Mi nilijuaka," akasema. "Tangu siku ya kwanza. Nilitiaka mule mboga ya moto, ikamwangika yote ku mukeka. Unafikiri ni juu ya nini nilikuwa natuma maharagi, biazi na mayai tu?"

"Na haukumwambia?" Damascène akauliza.

"Nimwambie namna gani? Angeikamata kuitengeneza, halafu angeniletea ingine. Mi nilipenda hii."

"Na maziwa, sasa? Unajua inavuya, unatia maziwa?"

"Ile jibu haina kitu ingine ya kutia, kaka. Nilimwambia Akonkwa akimbie. Nikasema hata ikibaki kidogo tu chini, ataona, atajua."

Mzee mmoja alianza kucheka kwa sauti ya kukohoa, mwenzake akafuata, akarudisha fimbo yake ukutani. Damascène alijitahidi kubaki na hasira zake. Nilimwona akizishika huku na huku kama mtu anayeshika mbuzi, na zikamponyoka. Akaita ndani ya nyumba walete maziwa, ya motoni, na haraka.

"Shemeki," akasema, "kwetu haikunywiwake mu kikombe ingine. Ni mu bakuli yenyewe yenye ilitumwa. Basi kama inavuya, tukunywe mbio!"

Maziwa yakamiminwa, na papo hapo yakaanza kudondoka. Damascène alikunywa wa kwanza, yakamchuruzika mpaka kwenye viwiko, akampokeza mzee, mzee akampokeza mzee, kila mtu akipaza sauti, "Mbio! Mbio!" Lilipofika kwangu nilikunywa nimeinama, na bado gauni langu la Idi lilipata sehemu yake. Akonkwa alikunywa kwa uchungu wote wa siku mbili, mbele ya mashahidi. Watoto walikuwa wamekuja kukinga viganja chini. Sijawahi kuona watu wazima wakichafuka kwa furaha namna ile.

Zéphirin ndiye aliyekuwa wa mwisho. Alilipokea, na yakiwa yamebaki kidogo tu, akasita. Nilikijua kile kidole chake. Kilikuwa kimeanza kutembea chini kuutafuta ufa, kuupima, kuona ni mahali gani atatoboa upya. Nilifungua mdomo nimfokee.

Clotilde alinitangulia. Alitoka mlangoni, akaweka kiganja chake chini ya bakuli, palepale penye ufa, akaubana. Matone yakakoma.

"Kunywa," akamwambia. "Nimeshika."

Akanywa.